Iulize c swali lake: niliyojifunza kwa kuandika y = mx + c kutoka kwenye vipimo

Kitabu cha hisabati hukupa nukta mbili, tuseme (2, 7) na (5, 16), kisha hukutaka uandike mlinganyo wa mstari unaopita humo. Unatafuta mteremko, yaani m, unapata 3. Unairudisha kwenye nukta moja, c, mahali mstari unapokata mhimili wa y, inakuwa 1, na kazi imekwisha: y = 3x + 1. Hakuna wa kubishana nawe. Sasa lete jedwali la vipimo ambavyo watu wamevichukua wenyewe kwa mizani, rula na saa, uone darasa lililokuwa linakimbia linavyosimama. Nukta ni tano, na kila mbili utakazochagua zinatoa mstari wao. Upi ndio wenyewe?

Nimefundisha hisabati na sayansi kwa muda mrefu, na sehemu kubwa ya kazi yangu imekuwa papo hapo, darasa linaposimama. Nilichokiona mwaka hadi mwaka ni kwamba watu wakishaelewa namna ya kuchora mstari hukimbilia m, kwa sababu m ndiyo iliyoulizwa kwenye swali, na c wanaiandika mwishoni ili tu mlinganyo ukamilike. Mimi nimefikia kuamini kinyume chake. Ukitoka kwenye vipimo, c ndiyo ya kuanza kuitilia shaka, maana mara nyingi ndiyo inayokuambia kama ulipima kile ulichodhani unakipima.

Jaribio ninaloanza nalo ni jepesi sana. Bika ya kioo iko juu ya mizani, na pembeni ipo silinda ya kupimia yenye maji. Bika haipimwi ikiwa tupu, na mizani hairudishwi kwenye sifuri. Hayo mawili nayasisitiza kabla hatujaanza. Tunamimina mililita 50 na kusoma mizani, tunaongeza 50 nyingine na kusoma tena, hivyo hivyo mpaka 250. Usomaji mmoja ninaopenda kuurudia ni huu: kwa mililita 50 mizani ilisema gramu 172, kwa 100 ikasema 221, kwa 150 ikasema 273, kwa 200 ikasema 321, na kwa 250 ikasema 372.

Kisha nauliza: mililita moja ya maji ina gramu ngapi? Wengi hugawanya palepale. Aliyeshika kipimo cha kwanza anagawanya 172 kwa 50 na kupata 3.44. Aliyeshika cha mwisho anagawanya 372 kwa 250 na kupata 1.49. Maji ni yale yale, bika ni ile ile, na majibu yanapishana zaidi ya mara mbili. Hapo ndipo ninapotaka wafike kabla sijataja neno mteremko. Kugawanya y kwa x kunafaa pale tu ambapo vyote viwili vinaanza pamoja kwenye sifuri, na hapa y haikuanza na sifuri. Kabla hata tone la kwanza halijaingia, mizani ilikuwa imeshabeba kitu. Kinachoweza kutuambia habari za maji peke yake ni ongezeko: gramu zilizoongezeka kwa kila mililita iliyoongezeka. Mteremko ndio huo. Mtu akiupata kwa njia hii hausahau, kwa sababu ameona kwa macho yake njia nyingine ikishindwa.

Lakini ongezeko lipi? Kutoka 50 hadi 100 ziliongezeka gramu 49, yaani 0.98 kwa mililita. Hatua inayofuata inatoa 1.04, ya tatu 0.96, ya nne 1.02. Ukishika hatua moja moja, densiti ya maji, yaani gramu kwa kila mililita, inapanda na kushuka. Sababu inajulikana na kila aliyewahi kushika silinda ya kupimia: uso wa maji ndani yake una mkunjo, usomaji sahihi ni kwenye sehemu ya chini kabisa ya mkunjo huo, na jicho likiwa juu kidogo au chini kidogo ya usawa wake, mililita moja inapotea au inazaliwa. Kosa la gramu moja au mbili ndani ya hatua ya 50 ni kubwa. Kosa hilo hilo likitawanywa kwenye safari nzima kutoka 50 hadi 250 linakuwa dogo. Chukua ncha mbili: 372 toa 172 ni 200, gawanya kwa 200, unapata 1.00. Ndiyo maana walimu wanasisitiza pembetatu ya mteremko iwe kubwa. Sababu si unadhifu wa karatasi. Pembetatu ndogo inaongozwa na makosa ya usomaji, na kubwa inaongozwa na kitu chenyewe.

Kwenye karatasi ya grafu napenda watumie uzi mweusi uliokazwa kati ya mikono miwili badala ya rula. Rula huficha nusu ya nukta, uzi hauzifichi. Unausogeza mpaka nukta zigawanyike juu na chini yake, tena zisijikusanye upande mmoja mwanzoni na upande wa pili mwishoni. Mstari ukishachorwa, nukta za jedwali zimemaliza kazi yake. Mteremko unasomwa kutoka nukta mbili za mstari, zilizo mbali, mahali mstari unapokatiza kona za miraba ya karatasi. Wengi hurudi kwenye jedwali na kuchukua vipimo viwili wanavyovipenda, na kwa kufanya hivyo wanautupa mstari waliohangaika kuuchora.

Uzi una udhaifu wake: mikono miwili tofauti itauweka mahali tofauti kidogo. Kwa sababu hiyo kuna njia ya hesabu isiyotegemea jicho la mtu. Adrien-Marie Legendre aliichapisha mwaka 1805 katika kitabu kilichohusu njia za kometi, zile nyota zenye mkia angani, naye Carl Friedrich Gauss akaandika juu yake mwaka 1809 akidai amekuwa akiitumia tangu 1795, dai lililozua mvutano baina yao. Wazo lenyewe ni kutafuta mstari ambao ukichukua umbali wa wima kutoka kwake hadi kila nukta, ukaupandisha kwenye kipeo cha pili na kujumlisha zote, jumla inakuwa ndogo kuliko ya mstari mwingine wowote. Kikokotoo kinaifanya kwa kubonyeza kitufe. Mimi hata hivyo huwataka waifanye kwa kalamu walau kwa jedwali moja, na jedwali la maji linafaa kwa sababu namba zake ni za upole.

Wastani wa x ni 150 na wastani wa y ni 271.8. Umbali wa kila x kutoka wastani wake ni −100, −50, 0, 50 na 100. Wa kila y ni −99.8, −50.8, 1.2, 49.2 na 100.2. Zidisha jozi kwa jozi kisha jumlisha: 25,000. Pandisha umbali wa x peke yake kwenye kipeo cha pili na ujumlishe: 25,000 tena. Gawanya ya kwanza kwa ya pili, m inakuwa 1.00. Mstari huu daima hupita kwenye wastani wa x na wastani wa y, kwa hiyo c ni 271.8 toa 150, yaani 121.8. Tunaandika y = 1.00x + 121.8.

"Mwalimu, hiyo 121.8 imetoka wapi na sisi hatukuipima?" Swali hili likiulizwa najua kipindi kimefika kinapotakiwa kufika. Tunamwaga maji, tunaikausha bika vizuri ndani na nje, tunaiweka kwenye mizani. Gramu 122. Kitu ambacho hatukukipima kabisa kimejitokeza kutoka kwenye vipimo vya kitu kingine, kikiwa na tofauti ya sehemu mbili za kumi za gramu tu. Sijapata njia nyingine inayomwonyesha mtu kwa haraka kiasi hicho kwamba c si mapambo.

Kisha tunarudia na spiriti kwenye bika ile ile. Kwa ujazo ule ule mizani inasoma 162, 201, 242, 281 na 322. Hesabu inatoa y = 0.80x + 121.6. Mistari yote miwili ikichorwa kwenye karatasi moja, inatoka karibu mahali pamoja kwenye mhimili wa y na kuachana kadiri inavyoelekea kulia. Nawauliza: kipi ni cha kimiminika na kipi ni cha bika? Hakuna anayehitaji maelezo. m ni tabia ya kimiminika, c ni ya chombo. Ukibadilisha bika, mstari mzima unapanda au kushuka bila kubadili mwinuko wake. Ukibadilisha kimiminika, mstari unazunguka pale pale kwenye c.

Vizio navyo vinastahili neno, ingawa fupi. m hubeba kizio cha y kwa kizio cha x, hapa gramu kwa mililita, na c hubeba kizio cha y peke yake. Anayeandika ujazo kwa lita badala ya mililita atapata m ya 1000 na c ile ile ya 121.8, na wote wawili wako sawa. Kwa hiyo mtu akiniambia "mteremko ni 1" bila kizio, bado hajaniambia kitu. Wala mwinuko wa mstari machoni hauna maana yoyote: nyoosha mhimili mmoja na mstari mpole unakuwa ukuta.

Kuna mtego mmoja wa karatasi ambao nauona kila muhula. Vipimo vikianzia mbali na sifuri, kwa mfano joto kati ya nyuzi 20 na 80, watu huanza mhimili wa x kwenye 20 ili wasipoteze nafasi, na hilo ni sawa kabisa. Kisha wanasoma c pale mstari unapogonga ukingo wa kushoto wa karatasi. Ukingo ule ni x = 20; c inakaa kwenye x = 0, ambayo haimo hata kwenye karatasi. Dawa ni kuiacha grafu na kurudi kwenye hesabu: chukua nukta moja ya mstari, weka x na y yake, na utafute c kwa y − mx.

Jaribio la pili ninalolipenda ni la gololi ya chuma iliyofungwa kwenye uzi na kuachwa ibembee. Muda wa mbembeo mmoja, T, hauendi sambamba na urefu wa uzi, na grafu ya T dhidi ya urefu inapinda. Lakini kwa mibembeo midogo nadharia inasema kipeo cha pili cha T ni sawa na urefu ukizidishwa na 4π² na kugawanywa kwa g, mvutano wa dunia. Kwa hiyo kwenye mhimili wa y tunaweka T² badala ya T, na mkunjo unanyooka. Muda unapimwa kwa mibembeo 20 na kugawanywa, maana kidole kwenye saa hakina kasi ya kutosha kwa mbembeo mmoja.

Kwa nadharia hiyo mstari unapaswa kupita kwenye sifuri. Uzi usio na urefu, muda usiokuwepo. Wanafunzi wakapima uzi kuanzia juu unapofungwa hadi kwenye fundo linaloshika gololi, kwa urefu wa kuanzia mita 0.2 hadi mita 1, na mlinganyo uliotoka ukawa T² = 4.03L + 0.06. Mmoja wao alitaka kuifuta ile 0.06, akiwa na hoja kwamba ni ndogo na kwamba nadharia inasema isiwepo. Nikamwomba aigawanye kwa m. Ilitoka 0.015 na kidogo kasoro, yaani sentimita moja na nusu. Gololi ilikuwa na kipenyo cha sentimita 3. Urefu unaohesabika katika kubembea unafika hadi katikati ya gololi, na wao walikomea kwenye fundo. Kila urefu katika jedwali ulikuwa mfupi kwa kiasi kile kile, nusu ya kipenyo, na kosa hilo lote lilikuwa limekusanyika ndani ya c likisubiri lionwe.

Tazama sasa m ilivyopona. Gawanya 4π², ambayo ni karibu 39.48, kwa 4.03, unapata 9.80 mita kwa sekunde kwa sekunde, thamani nzuri ya g. Kama wangechukua kipimo kimoja tu, cha uzi wa mita 0.2, T² ingekuwa karibu 0.87, na g ingetoka karibu 9.1. Kosa linalojirudia sawasawa katika kila kipimo haliugusi mteremko. Linausogeza mstari mzima. Kwa hiyo siku zote nasisitiza mambo mawili kwa pamoja: chukua vipimo vingi upate m hata kama chombo chako kina kasoro ya kudumu, na soma c uijue kasoro yenyewe. Mizani isiyoanzia sifuri, rula iliyochakaa ncha, saa inayobonyezwa kwa kuchelewa kiasi kile kile, zote huishia humo. Anayeulazimisha mstari upite kwenye sifuri kwa sababu kitabu kimesema hivyo anaufuta ushahidi, kisha kosa linahamia kwenye m, mahali ambapo halikuwa. Kwa yale maji ya mwanzo, kulazimisha sifuri kunatoa densiti ya 1.66. Hakuna maji ya namna hiyo.

Lakini c nayo si ya kuaminiwa kila inapotokea, na springi ndiyo iliyonifundisha kuisikiliza kwa tahadhari. Chukua springi ya kuvutwa ambayo koili zake zimebanana, ining'inize, uning'inize mizigo chini yake. Urefu wa springi moja tuliyoitumia ulikuwa sentimita 12.0 bila mzigo, 12.0 tena kwa gramu 50, 12.5 kwa gramu 100, 14.5 kwa 200, 16.5 kwa 300 na 18.6 kwa 400. Kuanzia 100 kwenda juu nukta zinapangana vizuri, na mlinganyo wake ni y = 0.0203x + 10.45. Kwa maana ya kawaida c ingekuwa urefu wa springi bila mzigo. Springi yenyewe iko mezani, rula inasema 12.0.

Hapa hakuna aliyekosea kupima. Springi nyingi za aina hii hutengenezwa zikiwa zimekazwa tangu mwanzo, koili zikisukumana zenyewe kwa zenyewe, na mzigo wa kwanza hutumika kuushinda mkazo huo kabla koili hazijaachana. Tafuta x ambayo mstari unafikisha 12.0: toa 10.45 kwenye 12.0, gawanya kwa 0.0203, unapata karibu gramu 76. Chini ya hapo springi hainyooki, ndiyo maana gramu 50 hazikuitikisa. Kanuni ya Robert Hooke, aliyoichapisha mwaka 1678, kwamba mnyooko huenda sambamba na nguvu, inaanza kufanya kazi hapa baada ya kizingiti hicho. c ya 10.45 ni urefu ambao springi ingekuwa nao kama koili zingeweza kupenyana, na haziwezi. Namba ni sahihi, ila haielezi kitu kinachoweza kushikwa.

Kama tungeyamwaga vipimo vyote sita kwenye kikokotoo bila kuchora, kingetoa m na c bila kulalamika, na mstari wake ungekuwa wa uongo kwa sehemu zote mbili za springi. Francis Anscombe alilionyesha tatizo hili kwa uwazi mwaka 1973. Alitunga majedwali manne yenye nukta 11 kila moja, yote yakitoa mlinganyo ule ule, y = 0.5x + 3. Ukiyachora, la kwanza ni nukta zilizotawanyika kuzunguka mstari, la pili ni mkunjo ulio wazi, la tatu ni mstari safi wenye nukta moja iliyotoroka, na la nne nukta zote zina x ya 8 isipokuwa moja tu yenye x ya 19, hiyo moja ikiamua mteremko peke yake. Kwangu mimi grafu inatangulia, hesabu inafuata. Sikubali jibu la kikokotoo kutoka kwa mtu ambaye hajaziona nukta zake.

Kuurefusha mstari nje ya vipimo ni jambo lingine ambalo springi inalifungulia mlango. Kila c iliyopatikana bila kupima kwenye x = 0 ni urefusho wa namna hiyo, na mtu anapaswa kujua kwamba ameufanya. Maji yanayochemshwa kwenye jiko lenye moto usiobadilika hupanda joto karibu kwa mstari, na mlinganyo wake utakuahidi nyuzi 130 baada ya dakika kadhaa, ilhali maji kwenye sufuria iliyo wazi hayatavuka karibu nyuzi 100. Hata hivyo kuna urefusho mmoja ambao kila nikiusimulia moyo wangu huchangamka. Mwaka 1802 Joseph Louis Gay-Lussac alichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba gesi tofauti hutanuka kwa kiwango kimoja zikipashwa joto. Chora ujazo wa gesi dhidi ya joto kwa nyuzi za Selsiasi, shinikizo likiwa halibadiliki: gesi nyingi ina m kubwa na c kubwa, gesi kidogo ina m ndogo na c ndogo. Lakini gawanya c kwa m, na kila gesi inakupa namba moja, karibu 273. Mistari yote inakutana kwenye mhimili wa joto, kwenye −273. Mwaka 1848 William Thomson, aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, alipendekeza kipimo cha joto chenye sifuri kamili, na leo sifuri hiyo ni −273.15. Hakuna gesi inayofika huko ikiwa bado gesi. Hata heliamu, iliyogeuzwa kuwa kimiminika kwa mara ya kwanza mwaka 1908 na Heike Kamerlingh Onnes mjini Leiden, huwa kimiminika karibu na −269. Mstari ulionyesha mahali ambapo vipimo vyenyewe havingeweza kukanyaga.

Kwa wanaosonga mbele zaidi huwa nafika kwa Robert Millikan, kwa sababu kazi yake ni ile bika yetu ikiwa imevaa nguo nyingine. Mwaka 1905 Albert Einstein alisema kwamba nuru inayong'oa elektroni kwenye metali hubeba nishati kwa mafungu, na kila fungu hutegemea frikwensi ya nuru. Ikiwa ni kweli, volteji inayotosha kuzisimamisha elektroni zinazoruka, ikichorwa dhidi ya frikwensi, lazima iwe mstari mnyoofu, na mteremko wake uwe mmoja kwa metali zote. Millikan hakuikubali hoja ile, akatumia miaka kuipima huko Chicago. Nukta zake zilinyooka. Kutoka kwenye mteremko alipata namba ya Max Planck, ile inayounganisha nishati ya fungu la nuru na frikwensi yake, kuwa 6.57 × 10⁻³⁴ joule-sekunde, katika matokeo aliyoyachapisha mwaka 1916. Thamani ya leo ni 6.626 × 10⁻³⁴. Metali ikibadilika, c inabadilika, m inabaki. Na −c ukiigawanya kwa m unapata frikwensi ambayo chini yake metali hiyo haiachii elektroni hata moja, kizingiti kama cha ile springi. Mwanafunzi aliyeshika maji na spiriti kwa mikono yake anaielewa grafu ya Millikan kabla sijamaliza kuichora. Nimeliona hilo mara nyingi, na bado linanifurahisha.

Sasa kuhusu kuandika kwenyewe. Kikokotoo kitakupa m yenye tarakimu tisa, na kuzinakili zote ni kudai usahihi ambao mizani yako haina. Kama mizani inasoma gramu kamili, c ya 121.8 tayari imefika mwisho wa inachoweza kubeba. Badala ya y na x, herufi za kitu chenyewe husaidia: T² na L, au M kwa tungamo na V kwa ujazo, ili anayesoma asilazimike kurudi kwenye jedwali kuuliza x ni nini. Na mlinganyo uliotoka kwenye vipimo hauwi kamili bila mipaka yake. Kwa ile springi, kinachoandikwa kwenye daftari langu ni hiki: urefu kwa sentimita = 0.0203 × mzigo kwa gramu + 10.45, kwa mizigo ya kuanzia gramu 100 hadi 400. Chini ya gramu 76 hivi urefu ni 12.0, zaidi ya 400 haijapimwa.